Picha za kamera ya 120: ule uzito wake unatoka wapi? Na je, ninunue RB67 hii?

#1 Kijana_wa_Kyebando
Wakuu, salaam.

Kuna studio ya zamani imefungwa na mjukuu wa mwenyewe anauza vitu. Kuna Mamiya RB67 Pro-S (kamera ya filamu ya 120), lenzi mbili (milimita 90 na 180), migongo miwili ya filamu (ile sehemu ya nyuma inayobeba mkanda) na boksi la negativu. Moja ya negativu nimeiinua dirishani: mama amevaa gomesi (lile gauni refu la Kiganda), amekaa kwenye kiti cha mbao, nyuma pazia la maua. Mikunjo ya kitambaa cha kiunoni unaihesabu yote. Uso umejitenga na pazia kabisa, lakini si ule ukali wa kukata macho.

Mimi napiga na dijitali ya fremu kamili, megapikseli 24, na lenzi ya 50 f/1.8. Ukali ninao. Ule uzito sina.

Maswali mawili. Kitu kile ni nini hasa? Na kamera ya kilo karibu tatu, picha kumi kwa mkanda mmoja, inamfaa mtu anayekula kwa kwanjula (sherehe za utambulisho wa ndoa) na mahafali hapa Kampala? Anataka milioni moja na nusu.

#2 PikseliTu
Hakuna uchawi hapo, ni hesabu. Negativu ya 6x7 ni kama milimita 56 kwa 70. Fremu kamili ni 24 kwa 36. Eneo ni mara nne na nusu hivi. Kwa hiyo ukitaka kuona upana uleule unatumia lenzi ndefu zaidi, na lenzi ndefu inafuta vitu vya nyuma. Ile 90 f/3.8 ya RB, ukiigeuza kwa hesabu za fremu kamili, ni kama 44 f/1.8.

Sasa jiangalie mfukoni. Una 50 f/1.8. Kitu anachokuuzia mjukuu unacho tayari. Nunua taa kwa hiyo milioni na nusu.

#3 MzeeStudioJinja
PikseliTu, hesabu zako sina ugomvi nazo, ila hujajibu swali. Mimi nilikuwa na studio hapa Jinja, na picha ya mama wa gomesi hakuna aliyekuwa anaipiga kwa f/3.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa. Tulikuwa tunafunga mpaka f/11, kwa sababu mteja akiona ua la pazia limefifia anasema umemharibia picha na halipi. Kwa hiyo huko nyuma hakuna kilichofutwa. Kijana mwenyewe amesema pazia ni la maua, maana yake ameyaona maua.

Kilichomtenga ni taa. Moja ubavuni, nyingine ndogo inagusa bega kutoka nyuma. Halafu kuna ukuzaji. Kutoa picha ya inchi 8 kwa 10 kutoka 6x7 unaikuza kama mara tatu na nusu tu. Kutoka mkanda mdogo wa 35 unaikuza mara nane na zaidi, na kila kasoro inakua nayo: chembe, vumbi, mtikisiko wa mkono. Kwenye shavu la mtu ndipo utaona tofauti. Mwanga unatoka kwenye paji kwenda kivulini polepole, bila ngazi.

#4 DadaBusia
Mzee nakuunga mkono nusu. Nina Yashica Mat 124G, ile ya lenzi mbili juu na chini, naitumia kwa picha za familia huku Busia. Taa sina, natumia kivuli cha baraza. Na uzito upo!

Mimi nasema ni mahali kamera inapokaa. Unaishika kwenye tumbo, unatazama chini kwenye kioo. Lenzi iko chini ya macho ya mtu, kwa hiyo anaonekana amesimama imara, shingo ndefu. Halafu huna kitu usoni, mnaongea mkitazamana, na shata yake hata mtoto aliyelala haisikii. Nikitoa dijitali na kuiweka jichoni, mzee yuleyule anakaza taya.

Ubaya wake: lenzi ni hiyohiyo moja ya 80 f/3.5, na ukisogea karibu sana, lenzi ya juu inaona kitu kimoja na ya chini inapiga kingine. Vichwa vinakatika.

#5 Mnubi_Bombo
Kwa hiyo dada unawainamia wateja, wao wanajiona wafalme 😂 Hapo ndipo uzito ulipo, si kwenye kamera.

Lakini jamani msimdanganye kijana. 120 ni milimita 120, nani anauza filamu pana hivyo leo? Na hizo kamera zote zinataka betri za zebaki ambazo zimepigwa marufuku.

#6 Fundi_Kisenyi
Mnubi, taratibu ssebo.

120 si kipimo. Ni namba tu ya Kodak ya kutofautisha mikanda yao; mkanda wenyewe ulitoka 1901. Upana ni kama milimita 60, na inatengenezwa mpaka leo: Kodak, Ilford, Foma, wote wanayo. Ya betri umechanganya. Mita ya Yashica ya dada ndiyo ilitaka betri ya zebaki, na hata bila hiyo betri shata inapiga. RB67 haina betri kabisa, ni springi na gia. Inayotaka betri ni ndugu yake RZ67 ya 1982, ikiisha unabaki na kasi moja tu ya dharura.

Kijana, kabla hujatoa hela fanya hivi. Ingia chumba chenye giza. Toa lenzi na mgongo, vuta mvukuto (ile mikunjo kati ya lenzi na mwili) mpaka mwisho, ingiza tochi ya simu ndani, halafu zunguka nje ukitazama kwenye kona za mikunjo. Ukiona vinyota, hayo ni matundu. Si mwisho wa dunia, yanazibika, lakini bei ishuke. Kisha lenzi: mulika kutoka nyuma, tazama kwa mbele kwa pembe. Utando kama wa buibui ni kuvu, na kwa studio iliyofungwa muda mrefu karibu na ziwa ningeshangaa usiukute. Piga shata kwa sekunde moja, usikilize. Ikikokota, mafuta yameganda. Mwisho, gusa sponji za mlango wa mgongo. Zikikuachia lami nyeusi kidoleni, zibadilishwe, la sivyo mwanga utavuja pembeni mwa picha zako zote.

#7 Kijana_wa_Kyebando
Asante fundi. Mgongo mmoja umeandikwa 120 na mwingine 220. Huo wa 220 ni mkubwa zaidi?

#8 Fundi_Kisenyi
Hapana, ukubwa wa picha ni uleule. Filamu ya 220 ilikuwa ndefu mara mbili, bila karatasi ya nyuma, unapata 20 badala ya 10. Kodak na Fuji walishaacha kuitengeneza. Mwambie mjukuu huo mgongo hauna thamani.

#9 PikseliTu
Narudi kwenye swali maana mnalikimbia. Mzee anasema taa. Dada anasema tumbo. Mnubi anasema kuinama. Kati ya hayo hakuna hata moja ambalo ni la filamu ya 120! Taa naweza kuweka kwenye dijitali. Kioo cha dijitali nacho kinapinduka, naishika tumboni vilevile.

Dhana yangu: kijana analinganisha negativu aliyoiinua dirishani na JPEG aliyoifungua kwenye simu. Vitu viwili tofauti. Chapa ile JPEG kwenye karatasi nzuri, iweke ukutani, kaa mbali kidogo, kisha urudi hapa.

#10 MzeeStudioJinja
Hilo la karatasi nalikubali. Ila wewe mwenyewe ulishawahi kuchapa?

#11 PikseliTu
Mzee usinichokoze 😅

#12 RwenzoriKasese
Mimi naongeza jambo la jua, maana wengi mnaongelea studio na baraza. Nje, saa sita mchana hapa kwetu karibu na mstari wa Ikweta, filamu ya ISO 400 inataka f/16 kwa 1/400. RB mwisho wake ni 1/400. Kwa hiyo ukitaka kufungua lenzi ili nyuma pafifie, huwezi, labda uweke kichujio cha kijivu cha kukata mwanga hatua nne. Watu wanaona picha za mtandaoni za f/3.8 wanadhani watazipata Kasese saa saba. Utapiga alfajiri na jioni, mchana ukae kivulini.

Kuhusu kubeba: nawasindikiza wageni milimani. Margherita ni mita 5,109, na huko juu betri za dijitali zinakufa kwa baridi hata kama ulitoka nazo zimejaa. Kamera ya gia haijali. Lakini RB milimani? Thubutu! Chukua ya kukunja ya 6x9 au Yashica ya dada. Tena kubadilisha mkanda kwenye mvua ni kazi: mkanda ukiisha unaushika usijilegeze, unalamba kile kipande cha karatasi chenye gundi, unaufunga kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ukilegea kidogo, mwanga unaingia kwenye kingo na picha ya kileleni imeondoka.

#13 MamaLens_Ntinda
Sasa tuongee biashara, maana kijana ameuliza kwanjula.

Mkanda wa rangi mzuri wa 120 kwa wanaouleta hapa haushuki chini ya elfu hamsini. Picha kumi. Kila ukibonyeza, elfu tano, na bado hujasafisha wala kuskani. Yaani kila kliki ni rolex mbili (chapati za kuviringisha) za mayai mawili mawili. Halafu kwenye kwanjula, wakati ssenga (shangazi) anamtafuta bwana harusi kati ya wageni, wewe umeinama unabadilisha mkanda. Hakuna mtu atakurudishia ile dakika.

Ninavyofanya mimi: dijitali inafanya kazi yote, kisha namuita bibi harusi na bwana harusi pembeni, mkanda mmoja tu, naulipisha kivyake kama kitu cha pekee. Wanalipa! Wanalipa hasa wale waliochoka na picha elfu mbili kwenye flashi ambazo hawazifungui. Na natumia ya 6x4.5, si RB. Picha 15 au 16 kwa mkanda, na naibeba kwenye boda bila kuvunjika bega.

Faida moja ambayo hamjaitaja: kamera za 120 zinakubali fleshi kwa kasi yoyote. Mchana kwenye hema, nje jua kali, ndani giza, unapiga fleshi kwa 1/500 na kila kitu kinasomeka. Dijitali nyingi zinagoma baada ya 1/200 au 1/250.

#14 Fundi_Kisenyi
MamaLens, si zote nnyabo. Ni zile zenye shata ndani ya lenzi: RB, Hasselblad 500C na wajukuu zake, Bronica ETR, Yashica. Zenye shata ya pazia ndani ya mwili ni shida kubwa. Pentax 67 inakubali fleshi kwa 1/30 tu. Mamiya 645 za kawaida, 1/60. Nimeshaletewa Pentax 67 na mtu analalamika nusu ya picha ni nyeusi, kamera ilikuwa nzima kabisa.

Na huo mlio wa Pentax 67 kanisani, mchungaji anasimama kuuliza kama mlango umeanguka.

#15 MamaLens_Ntinda
Sawa fundi, yangu ni Bronica ETRS ndiyo maana.

#16 Mnubi_Bombo
Mimi nina jibu la uzito, na safari hii sitaki mzaha. Filamu za zamani zilikuwa na fedha nyingi. Fedha yenyewe, madini. Siku hizi wanabania. Ndiyo maana picha za babu yangu akiwa jeshini ni kama zimechongwa.

#17 MzeeStudioJinja
Hiyo tulikuwa tunaisikia hata enzi hizo. Kila mkanda mpya ukitoka, wazee walikuwa wanasema wa zamani ulikuwa na fedha zaidi.

Mimi naona ni kupima mwanga. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe: ukipima eneo zima, mita inaiona kanzu, inadhani mwanga ni mwingi, inakufungia. Uso unazama. Sisi tulikuwa tunapima kwenye uso wenyewe, au tunaweka mita kidevuni ielekee kamera, ipime mwanga unaomwangukia mtu. Kanzu inazidi mwanga kidogo, na filamu ya negativu inavumilia hilo bila kuungua. Dijitali ukizidisha hivyo, kanzu inakuwa shimo jeupe, hakuna tena cha kurudisha. Vijana wanaogopa lile shimo, wanapunguza mwanga, kisha wanainua uso kwenye kompyuta. Ngozi inatoka kijivu. Hapo ndipo uzito unapopotelea.

#18 PikseliTu
Hii ndiyo hoja ya kwanza ya maana tangu uzi uanze, na ni ya kweli kwa filamu. Ila mkanda wa 35 nao una tabia hiyohiyo. Kwa hiyo bado hujauza RB.

#19 DadaBusia
PikseliTu hununuliki wewe.

#20 KahawaNyeusi_Masaka
Nimechelewa. Hakuna aliyeongelea kusafisha? Watu wanatuma mikanda Nairobi kwa basi wakati tumekalia dawa. Nyeusi na nyeupe unaisafisha kwa kahawa! Kwa lita moja ya maji: kahawa ya unga wa kuyeyuka gramu 40, vitamini C gramu 16, soda ya kufulia gramu 54, nyuzi 20, dakika 15. Na wenye mapishi wanasema robusta inafanya kazi vizuri kuliko arabika kwa sababu ina zile asidi nyingi zaidi. Robusta! Masaka! Tungekuwa tunauzia dunia dawa ya filamu.

#21 Baridi_Kabale
Harufu yake je? Mke wangu alinipa kuchagua.

#22 KahawaNyeusi_Masaka
Inanuka, sikatai. Fanyia nje. Fiksa (dawa ya kuimarisha picha) lakini lazima ununue, kahawa haifanyi kazi hiyo.

#23 RwenzoriKasese
Soda tunayo, magadi ya kupikia maharage yamejaa sokoni. Yanafaa?

#24 Baridi_Kabale
Ujihadhari. Magadi yana bikaboneti imechanganyika humo, nguvu yake ni ndogo, mkanda utatoka mwepesi. Ukiwa na soda ya kuokea mikate, ikaange kwenye sufuria kavu mpaka iache kutoa mvuke, inageuka kuwa ile ya kufulia. Magadi sokoni yana na mchanga, utaukwaruza mkanda.

Na kuhusu nyuzi 20: hapa Kabale maji ya bomba yanatosha bila kuongeza kitu. Nyie wa Kampala maji yenu ni 24. Filamu ya HP5 kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa ni dakika saba na nusu kwa nyuzi 20. Kwa 24 unakata zaidi kidogo ya robo, unakaribia dakika tano, na chini ya hapo dawa haienei sawa. Kwenye 120 utaona mawingu angani, kwa sababu anga ni pana. Izimueni moja kwa moja, inakuwa dakika 13 kwa nyuzi 20, hata mkikata kwa ajili ya joto bado mnabaki na nafasi.

#25 MamaLens_Ntinda
Watu wa Kabale na baridi yao hawakosi pa kujisifia.

#26 Akiba_ya_Picha
Mmepita boksi la negativu kama takataka. Kijana, hilo boksi linaweza kuwa na thamani kuliko kamera. Mnakumbuka maonyesho ya 2019 pale Makumbusho ya Uganda, picha za enzi za Amin? Zilitoka kwenye hazina ya negativu kama 70,000 zilizokuwa zimekaa kabatini kwenye shirika la utangazaji la taifa. Zingetupwa, tusingeziona. Na History in Progress Uganda wamekuwa wakikusanya na kuonyesha picha za namna hii tangu 2011.

Ila usianze kuziweka mtandaoni. Yule mama wa gomesi ana watoto mahali fulani. Uliza kwanza kama kuna daftari la wateja.

#27 Mnubi_Bombo
Kweli kabisa. Na usiziweke kwenye mifuko ya plastiki laini, zinanata. Bahasha za karatasi, mahali pakavu.

#28 Kijana_wa_Kyebando
Wakuu nimerudi. Daftari lipo, limeandikwa kwa mkono, majina na namba za negativu. Mjukuu hataki kuliuza, amekubali tu nipige picha kurasa. Boksi naye sasa analifikiria upya.

Kamera: vinyota viwili kwenye kona ya mvukuto. Lenzi ya 90 safi, ya 180 ina utando pembeni. Sekunde moja kwenye 90 inalia vizuri, kwenye 180 inakokota. Sponji, lami tupu. Ameshuka mpaka milioni na laki moja.

Kitu kingine. Nina shangazi anatoka London mwezi ujao, namuagiza mikanda. Mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege Entebbe zitaiunguza?

#29 MamaLens_Ntinda
Asiiweke kwenye begi la kupakiwa, hapo ni kifo. Abebe mkononi, kwenye mfuko unaoonyesha ndani, aombe wakague kwa mkono. Mashine mpya zinazokata picha kama za hospitali zinaharibu kwa mara moja, hasa mikanda ya ISO kubwa. Na asiwaze Entebbe tu, huko anakotoka nako zimewekwa.

#30 Fundi_Kisenyi
180 yenye utando pembeni picha haitaharibika sana, ila usiikalishe mfuko mmoja na ile safi. Milioni bila mgongo wa 220. Mvukuto lete Kisenyi.

#31 PikseliTu
Mnamuuzia kabisa! Na uzito haujapatikana.

#32 DadaBusia
Umepatikana mara tano. Wewe ndiye hujachagua.

#33 MzeeStudioJinja
Kijana, jaribu hivi kabla ya kulipa. Mwombe mjukuu kamera kwa siku moja, mpige mtu mmoja, kiti kimoja, dirisha lilelile, kwa RB na kwa dijitali yako, zote f/8. Chapa zote mbili saizi moja, karatasi moja. Ukisogea karibu sana na RB, tazama mchoro wa ubavuni kwenye reli ya mvukuto, unakuambia uongeze mwanga kiasi gani. Wengi hawausomi, picha zinatoka giza wanailaumu shata. Kisha uweke hapa bila kusema ipi ni ipi.

#34 PikseliTu
Naunga mkono. Nikikosea nitanunua mkanda mmoja.

#35 MamaLens_Ntinda
Wa rangi, si ule wa bei rahisi.

#36 RwenzoriKasese
Kijana, niulizie mjukuu kama stendi ya ile kamera ipo. Zile za chuma za studio, zenye magurudumu. Kama anauza, mimi naitaka, naweza kutuma mtu Jumamosi.